Mwendo wa Mzee Enoka

Watu wa mikokoteni wa Tunduma hawampeleki mwenzao kaburini kwa mwendo wa kawaida. Wanamkimbiza. Jeneza hufungwa kwa kamba juu ya mkokoteni, matawi ya mkaratusi huchomekwa pembeni, mmoja hushika mbele, wengine husukuma nyuma, na kutoka nyumbani kwa marehemu mpaka makaburini ni mbio tupu, mbinja, na makelele ya "Pisha! Pisha, mzigo!" kana kwamba mpaka unataka kufungwa. Madereva wa malori wanapiga honi. Vumbi linatimka. Ndiyo heshima yao. Aliyeishi kwa kukimbia anazikwa kwa kukimbia, na anayepelekwa taratibu, wanasema, ni yule ambaye wenzake hawakumpenda vya kutosha hata kutoka jasho kwa ajili yake.

Kwa hiyo Marita alipomwambia Lusajo, mkuu wa watu wa mikokoteni, kwamba baba yake asikimbizwe, Lusajo alidhani msiba umemchanganya.

"Dada Marita, pole tena," alisema kwa upole, kama mtu anayeanza salamu upya. "Hilo la kubeba usiliwaze. Vijana wapo, mkokoteni tumeshaupaka rangi. Kesho tunamnyoosha mzee mpaka wasimulie hadi ng'ambo, Nakonde."

"Nimekusikia, Lusajo. Nasema asikimbizwe. Apelekwe polepole."

Walikuwa wamesimama uani kwa marehemu, mtaa wa Sogea, kando ya turubai la buluu walimokaa wanaume. Wanawake walikuwa wanakoroga maharage nyuma ya nyumba, na moshi ulikuwa unakuja upande wao. Lusajo akafikicha macho, labda kwa moshi, labda kwa sababu nyingine.

"Tumemkosea nini mzee Enoka?"

"Hamjamkosea kitu."

"Basi wewe ndiye unataka kutukosesha. Yule ndiye aliyenifundisha kushika mkokoteni nilipokuja hapa kutoka Mbebe, sijui hata tairi inajazwaje upepo. Halafu nimpeleke kama gunia la mtu nisiyemfahamu? Dada, hapo unatuangusha. Watu watasema."

Marita alijua watasema. Tunduma inasema kila kitu, kwa lugha zote. Lakini alikuwa na neno moja kifuani ambalo baba yake alilipenda kuliko maneno mengine yote aliyoyapata uzeeni, na hakuwa tayari kuona linazikwa ndani ya vumbi.

Enoka Silwimba aliletwa Tunduma na njaa ya mwaka mmoja mbaya kule Msangano, akiwa kijana mwenye mabega. Alishika mkokoteni, na mkokoteni ukamshika. Saruji, magodoro, mafuta ya kula, mchele wa Kamsamba, makabati ya watu wanaohama, vyote vilipita mikononi mwake vikienda upande huu au upande ule wa mpaka. Alizoea mbio hata pasipo na mzigo. Alikula akiwa amesimama. Kanisani alifika kabla kengele haijalia, shati limemganda mgongoni, mke wake Tabita na watoto wakiwa bado wako mtaa wa tatu nyuma, wanamfuata kwa kuuliza watu. Watoto walikuwa na utani wao kwamba hata akienda chooni, baba anapiga mbinja watu wapishe.

Kisha magoti yakagoma. Hayakugoma kwa siku moja. Yalianza kwa kulalamika kwenye vilima, yakaja kulalamika kwenye tambarare, mpaka Marita na ndugu zake wakakaa naye wakamwambia, baba, sasa basi, tutakula tunachopata. Akawakabidhi vijana mkokoteni wake. Majuma kadhaa alikaa kibarazani kama abiria aliyeachwa na basi, anageuza shingo kila kinapopita kitu chenye magurudumu.

Halafu jioni moja akavaa shati safi, akatoka mikono mitupu, akatembea.

Hakwenda mbali. Alishuka mpaka barabara ya lami, akafuata mstari wa malori yanayosubiri kuvuka, mikono ameifungia nyuma, anaangalia namba za magari, anaangalia maturubai, anaangalia madereva wanavyopika sima chini ya matrela. Alipofika lori la mwisho aligeuka akarudi. Kesho yake akaenda tena. Na kesho yake.

Mji haukujua umweke wapi. Pale Tunduma kila mtu ana anakokwenda, na asiyekwenda amekaa. Mtu mzima, hana mzigo, hana haraka, anapita kando ya malori ya watu jioni: ama anavizia dizeli, ama anatafuta lifti, ama kichwa kimeguswa. Majirani walianza kumpa pole Tabita kabla hajafiwa. Na mgambo wakamsimamisha.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Siendi."

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Umefuata nini huku?"

"Sijafuata kitu."

"Sasa unafanya nini?"

"Natembea."

"Kutembea bila kwenda mahali ni uzururaji, mzee. Hilo ni kosa."

Marita alipigiwa simu, akafunga duka lake la vitenge, akamkuta baba yake amekaa kwenye benchi la mgambo, ametulia kuliko wao. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mwanangu," alimwambia njiani, "nimepita barabara hii maisha yangu yote na mizigo ya watu, hakuna aliyewahi kuniuliza naenda wapi. Leo nimepita na mwili wangu tu, wameniuliza."

Aliyelileta neno ni dereva mmoja wa Ndola. Karatasi za mzigo wake zilikuwa zimekwama, akawa anakaa kando ya lori lake kwenye kiti cha kukunja, na kila jioni anamwona mzee huyo akipita. Mwishowe akamwinulia kikombe cha chai. "Mudala," alisema, yaani mzee kwa lugha ya kwao, "every day you stroll." Enoka akamshukuru, kwa sababu sauti ilikuwa nzuri, lakini moyo ulikuwa na wasiwasi. Alilibeba neno mdomoni mpaka dukani kwa Marita, taratibu, kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko.

"Wewe umesoma," alisema. "'Stroll' ni tusi?"

Marita alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake kilikuwa cha shule na cha wateja wa kutoka ng'ambo. Neno hilo alilijua kwa mbali. Akatafuta kwenye simu, akasoma, akamweleza: ni kutembea taratibu, kwa kujifurahisha, bila haraka.

"Wana kitenzi kizima kwa ajili ya hilo?"

"Kizima, baba."

"Na hawamkamati?"

"Nani?"

"Huyo anayetembea hivyo."

"Hawamkamati, baba. Wanamsifu, nadhani."

Mzee alicheka mpaka wateja wakageuka. Kwa hiyo kulikuwa na watu mahali fulani duniani waliofanya jambo hili mara nyingi kiasi cha kulitungia jina lake. Hakuwa peke yake, wala kichwa hakikuwa kimeguswa.

Tangu siku hiyo hakumwacha mtu yeyote anayejua Kiingereza apite hivihivi. Wateja wa Marita walikoma. Fausta, mama mmoja wa Nakonde aliyekuwa akija kununua vitenge vya jumla, ndiye aliyemvumilia zaidi.

"Sisi, ba Enoka, tunalitumia Jumapili baada ya ibada," Fausta alimweleza, huku anapima kitambaa. "Mimi na mume wangu. Tukiwa tumenuniana, tunatembea tu. Tukiwa tumepatana, hapo sasa ndiyo 'stroll' yenyewe."

"Na mtu mwenye mzigo kichwani?"

"Hapana. Huyo yuko kazini."

"Hata kama anakwenda polepole?"

"Hata kama anakwenda kama kinyonga. Mzigo umemharibia."

"Na anayekwenda hospitali?"

"Mgonjwa, hapana. Daktari, labda. Wale huwa hawana haraka."

Enoka aliyachukua majibu hayo yote, akaondoka nayo, akayatembeza jioni, akarudi na lake mwenyewe. Akamwambia Marita kwamba amelielewa: ni neno la mtu ambaye hakuna kinachomsukuma kwa nyuma wala kinachomvuta kwa mbele. Na toka hapo mgambo wakimuuliza, aliwajibu kwa sentensi yake pekee ya Kiingereza, "I am strolling," amenyoosha shingo kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Wakazoea. Baadaye wakawa wanamsalimia wao. "Mzee, unasitroli?" "Nasitroli, mwanangu. Nyinyi endeleeni na kazi."

Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka Jumanne ile aliyojilaza baada ya chakula cha mchana akasema apumzike kidogo, na Tabita alipokwenda kumwamsha hakumpata.

Hayo yote Marita aliyasema pale uani, si kwa mpangilio mzuri, huku Lusajo ameinamisha kichwa anasikiliza. Wanaume wa chini ya turubai nao wakawa wanasikiliza, na mmoja wao akainuka. Alikuwa Emanueli, mdogo wake marehemu, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Nakonde amevaa suti nyeusi na kofia ya duara. Ujana wake wote aliumalizia kwenye migodi ya Kitwe, na katika familia nzima hakuna aliyekijua Kiingereza kama yeye.

"Marita, mwanangu, neno hilo mimi nalijua kabla hujazaliwa," alisema. "Njoo nikwambie wenyewe wanavyolitumia."

"Nakusikiliza, baba mdogo."

"Kengele ya zamu imelia. Wenzako wameshaingia shimoni. Wewe unakuja saa unayotaka, mikono mfukoni. Msimamizi anakutazama, anawaambia wengine, 'Mwoneni, ame-stroll mpaka hapa.' Hapo hakusifu. Hapo anakuita mvivu mbele za watu, na kesho kazi huna. Ndivyo wanavyolitumia." Akatazama huku na huku. "Kaka yangu hakuwa mvivu. Nilikulia mgongoni kwake. Sitakubali apelekwe kaburini kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini."

Wanaume wakanung'unika kukubaliana naye. Marita alijua ni kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kumsikia ofisa mmoja akilisema hivyo kwa karani wake, na sauti haikuwa ya sifa. Neno lile lile lililomwinua baba yake lingeweza kumshusha, ikitegemea nani amelishika. Aliona kesho inavyokuwa: mbinja, vumbi, jeneza likirukaruka kwenye mashimo, na baba yake, aliyepata miaka michache tu ya kutosukumwa, anasukumwa tena.

"Samahani, baba mdogo," alisema Lusajo. Alikuwa anajikuna kisogo. "Mimi sijasoma, lakini hilo neno nalisikia kila Jumamosi."

"Wapi? Sokoni?"

"Kibandani, kwenye mpira. Chaneli ni za Zambia, mtangazaji Kiingereza tupu. Sasa timu ikishaongoza manne kwa sifuri, muda unakwisha, kuna beki mmoja anauchukua mpira, anatoka nao nyuma taratibu, hamtazami mtu, wale wengine wanahema kama mbwa. Mtangazaji anasema hivyohivyo, anastroli. Nilimuuliza kijana mmoja wa Nakonde, kwa nini anamsema, kwani kachoka? Akaniambia hapana, ndugu, huyo hana haja ya kukimbia tena. Ameshashinda."

"Mpira ni mpira, kijana. Huu ni msiba."

"Sikatai, baba. Ila wewe ulikuwa shimoni, umelisikia kwa bosi. Kwa bosi kila neno ni tusi." Watu wakacheka chinichini. Lusajo akageuka, sasa anawaambia wenzake wa mikokoteni waliokuwa wamejipanga ukutani. "Mzee Enoka aliwahi kuangusha mzigo?"

"Hajawahi," wakajibu.

"Mzigo wa mtu uliwahi kupotea mkononi mwake?"

"Hata kijiko."

"Watoto wake walikosa shule?"

"Hawakukosa."

"Basi manne kwa sifuri," Lusajo alisema. Ilionekana kama amejishtua mwenyewe. Akamtazama Marita. "Lakini dada, hatujawahi. Toka tuanze kuzikana hapa, hatujawahi kumpeleka mtu polepole. Nikisema ndiyo, na baba mdogo amesema hapana, nitakuwa nimeingilia ukoo."

Emanueli alikaza uso. "Nimesema hapana."

Ndipo mlango wa nyumba ukasikika. Mjane hatoki uani kwenye mazungumzo ya wanaume. Hukaa ndani, mkekani, na wanawake wenzake. Tabita hakutoka. Alisimama tu kizingitini, kitenge amejitanda kichwani, dada yake amemshika kiwiko.

"Shemeji Emanueli."

"Naam, shemeji." Emanueli akavua kofia.

"Alipozikwa Hezron, yule mwenzao, mke wake alifika makaburini saa ngapi?"

Watu wa mikokoteni wakatazamana.

"Mimi nilikuwa naye kwenye gari la kuazima. Tulifika wanashindilia udongo kwa koleo. Wanaume hawa hawana ubaya, walikuwa wanamheshimu. Lakini wanakimbia, na mwanamke mwenye msiba hakimbii. Mke wake alimzika mumewe kwa kuambiwa."

Lusajo akatazama chini.

"Mimi nimeolewa na mgongo wa Enoka," Tabita aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaagiza chumvi. "Kanisani mgongo, sokoni mgongo, hata siku ya harusi ilibidi kaka yangu amwite arudi. Huku mwishoni alianza kuniambia, Tabita, njoo twende. Nikawa nasema twende wapi, nina ugali jikoni. Kesho sitakuwa na ugali. Nataka niende naye, hapa ubavuni, mpaka njia iishe. Na kama ni lazima akimbie, basi mnifunge na mimi kamba juu ya mkokoteni."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo, kisha wakacheka wengi, na katika kicheko hicho kuna waliolia. Emanueli alizungusha kofia yake mikononi mara kadhaa.

"Shemeji, umeniweza," alisema.

Kesho yake, ibada fupi ya nyumbani ilipokwisha, walimtoa. Mkokoteni ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na jeneza lilifungwa kwa kamba mpya. Lusajo alishika mbele. Wanne wakawa nyuma. Tabita akasimama kulia, kiganja chake kwenye mbao, Marita kushoto, na nyuma yao wanawake wote ambao miaka yote walikuwa wanatafutiwa gari.

Mwanzoni ilikuwa vurugu. Miguu ya watu wale haikujua. Kila walipopiga hatua chache mkokoteni ulianza kuwaponyoka, na Lusajo alikuwa akigeuka na kufoka kwa kunong'ona: "Punguza! Unamkimbiza nani?" Kijana mmoja alipiga mbinja kwa mazoea, akaimeza katikati. Lakini kabla hawajamaliza mtaa wa Sogea walikuwa wameshaanza kushikana mwendo, na waliokuwa wakitazama kutoka madukani wakaanza kuuona ulivyo. Haukuwa mwendo wa huzuni, wa watu waliolemewa. Ulikuwa mwendo wa mtu anayepita kwake.

Kwenye lami malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida. Madereva walijua watu wa mikokoteni wanazikanaje, wakapiga honi mbili tatu kuwapa moto. Honi hazikupata mbio za kuzijibu, zikafa. Dereva mmoja akashuka, akasimama kwenye ngazi ya lori lake, akauliza kwa Kiingereza kwa nini leo wanakwenda hivyo, kuna tatizo gani.

Emanueli ndiye aliyekuwa karibu naye. Marita alimwona anavyosimama, anavyonyoosha koti.

"No problem, my friend," alisema. "My brother is strolling."

Alilisema kwa sauti ya kusikika hadi lori la tatu, na hakulisema kama msimamizi wa mgodi. Dereva alitazama jeneza, akatazama watu, akavua kofia.

Baada ya hapo geti la mpakani likafunguliwa na foleni ikaanza kusogea. Barabara ilikuwa imejaa waombolezaji, pa kupita hapakuwepo, na hakuna dereva aliyejaribu. Marita aligeuka mara moja tu. Nyuma ya wanawake aliona malori ya mafuta, malori ya mbolea, matrela marefu ya kwenda Lubumbashi, yote yanakuja taratibu kwa gia ya kwanza. Vitu vile ndivyo vilivyomkimbiza baba yake miaka yote. Sasa vilikuwa vinafuata mwendo wake. Kifua kilimjaa, na hayakuwa machozi yaliyomjaa. Hilo alilijua kwa hakika, kwa sababu alitaka kila mtu aliyemjua baba yake apite hapo aone.

Njia ya makaburini inaiacha lami na kupanda kilima. Si kirefu, lakini ni cha udongo mwekundu, na mvua za Machi zilikuwa zimekichimba. Walipofika chini yake Lusajo alivuta pumzi, akamwambia Marita kwa chini, bila kugeuka:

"Dada, kuna kitu asiyesukuma hakijui. Kukimbia ni rahisi. Ukikimbia, unaukuta mlima huku mzigo una nguvu zake, unajipandisha wenyewe. Hivi tunavyokwenda, kila inchi ni yetu."

Marita akamtazama mama yake upande wa pili. "Kimbieni basi kwenye kilima tu. Mama ataelewa."

"Nani kasema tukimbie?" Lusajo alisema. "Nakwambia ujue tu."

Wakaanza kupanda. Mkokoteni ukawa mzito papo hapo, kama umeongezewa saruji. Magurudumu yaliingia kwenye mfereji, yakatoka, yakaingia tena. Nyuma, miguu ya vijana ilikuwa inateleza na kujichimbia, mishipa imewatoka shingoni. Mmoja wao akaanza kugumia.

"Nyuso!" Lusajo alinong'ona. "Legezeni nyuso. Mtu anayetembea kwa raha hakunji uso."

Na wakalegeza. Marita aliwaona, mmoja baada ya mwingine, wanavyoushusha uchungu kutoka usoni kwenda mabegani, mabegani kwenda miguuni, mpaka juu wakabaki watu wanaotazama mandhari ya jioni, na chini magoti yanatetemeka. Hawakuongeza mwendo na hawakuupunguza. Jasho lilikuwa linawatiririka na hakuna aliyelifuta. Tabita alikuwa ubavuni pao, hatua kwa hatua, hakuachwa hata kwa upana wa kiganja. Alikuwa anamsemesha mumewe kwa Kinamwanga, maneno ya kawaida tu, kuhusu shamba la nani lile na mahindi ya mwaka huu yamesimama vizuri.

Katikati ya kilima gurudumu la kushoto lilikwama kwenye jiwe. Mkokoteni ukasita. Kwa muda ilionekana kwamba utarudi nyuma, au itabidi wapige kelele moja na kuukurupusha kwa mbio kama walivyozoea. Emanueli akavua koti la suti, akamkabidhi Marita bila kumtazama, akaweka viganja vyake viwili vya mchimba madini kwenye mbao, karibu na miguu ya kaka yake. Alisukuma tu, uso ameulegeza kama alivyosikia wenzake wakiagizwa. Gurudumu likapanda jiwe polepole sana, likalikalia, likashuka upande wa pili.

Juu, mchungaji alikuwa anawasubiri, ameshika saa mkononi. Njia ikawa tambarare. Vijana walikuwa hawasikii mikono yao tena, na mmoja akauliza, kwa pumzi iliyokatika, kama wanaweza kusimama kidogo tu kabla ya kufika.

"Tusisimame hapa," Lusajo alisema. "Watadhani tumechoka."